Waliokunywa Maziwa Kabla Tumbo Halijayakubali

Fort Ternan, magharibi mwa Kenya, ilijulikana duniani mwaka 1961, Louis Leakey na wenzake walipochimba katika shamba la mkulima Fred Wicker wakapata mabaki ya kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita. Wakamwita Kenyapithecus wickeri. Ni ugunduzi mkubwa, lakini hautuambii Wakipsigis wanaofuga na kuchuma chai katika vilima vya huko leo walitokana na nani. Jibu la swali hilo limo katika mifupa ya juzi zaidi, na, kwa kiasi kikubwa, katika maziwa.

Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha vinasaba vya watu 41 wa kale waliozikwa Kenya na Tanzania. Wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa, wa miaka zaidi ya 3,000 iliyopita, walikuwa tayari ni mchanganyiko: wazazi wa upande wa Sudan, wengine wa kaskazini zaidi, kisha wawindaji waliowakuta hapa. Baadaye, katika enzi ya chuma, likaja wimbi jingine lenye asili ya Sudan. Mbali na hapa, kule Ulaya, watu wa Ayalandi nao wana historia ya namna hiyo ya mchanganyiko. Mwanamke mkulima aliyezikwa karibu na Belfast miaka 5,200 iliyopita alikuwa na asili ya Mashariki ya Kati. Wanaume watatu wa kisiwa cha Rathlin, waliomfuata baada ya zaidi ya miaka elfu moja, walikuwa na damu ya wafugaji wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi.

Wafugaji wa Kenya na watu wa Ayalandi wanakutana kwenye maziwa. Kila mtoto mchanga ana laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani hupungua baada ya kuachishwa ziwa. Wengine wana badiliko dogo la jeni linaloiacha iendelee kufanya kazi hadi uzeeni. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake waliwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba badiliko la Waafrika si lile la Wazungu, ingawa yote mawili yamekaa jirani kwenye kipande kilekile cha kinasaba. Afrika haikuazima uwezo huo Ulaya. Ulizuka hapa wenyewe.

Ajabu ni kwamba, kati ya wafugaji wa kale waliopimwa, mmoja tu alikutwa na badiliko hilo, naye alizikwa katika pango la Gishimangeda, kaskazini mwa Tanzania, miaka kama 2,000 iliyopita. Hata hivyo walikunywa maziwa. Mafuta yake yamo katika vigae vya vyungu vyao, na protini zake zimeganda kwenye ukoko wa meno yao.

Waliwezaje? Mimi naamini ni kwa kuyagandisha. Ng'ambo ya milima ya Mau, katika pango la mto Njoro, Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938 makaburi ya wafugaji hao waliochomwa moto. Moto uligeuza vitu vyao kuwa mkaa visioze, na humo kulikuwa na chombo cha mti chenye nakshi, pamoja na kibuyu. Siwezi kukifikiria kibuyu hicho bila kuikumbuka sotet, kibuyu cha maziwa cha mama wa Kipsigis, iliyosuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet, maziwa yakiachwa humo siku kadhaa yagande yawe mursik. Bakteria hula sehemu ya sukari na kuigeuza asidi, na tumbo lisilo na laktasi hupata nafuu. Akina mama walikuwa na dawa kabla damu haijapata yake.

Basi mtu mzima wa Kericho au Bomet anayefura tumbo kwa glasi ya maziwa freshi lakini akanywa mursik salama, hajarogwa wala si dhaifu. Mwili wake unafanya kama ilivyofanya miili ya karibu wafugaji wote wa kwanza wa nchi hii.