Kimya cha binti huwa idhini lini?

Posa inapoletwa nyumbani, husemwa kwamba kimya cha binti ndiyo idhini yake. Kauli hiyo ina asili sahihi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza bikira kuozwa mpaka aombwe idhini. Masahaba walipouliza idhini yake huwaje, akajibu kuwa ni kunyamaza kwake.

Neno lililotumika katika riwaya hiyo limetokana na "sukuti". Kiarabu kina maneno mengi ya kunyamaza. "Inswati" ni kunyamaza ili kusikiliza, kama tulivyoamrishwa Qur'ani inaposomwa (7:204). "Swamti" ni pana zaidi, na huweza kutumika hata kwa kisichoweza kutamka. Ama sukuti, wanalugha wameeleza kuwa ni kuacha kusema ilhali mtu ana uwezo wa kusema.

Hapo ndipo penye mazingatio. Riwaya ya Bibi Aisha (r.a.) ina neno swamti, lakini sababu imetajwa wazi: bikira huona haya. Haikutajwa hofu. Kiswahili nacho humtenga aliyenyamaza na aliyenyamazishwa. Binti aliyekwisha kuambiwa kwamba mahari yamepokelewa na kadi zimegawiwa, hakuulizwa jambo, amepewa habari. Kimya chake si jibu, kwa kuwa hapakuwa na swali.

Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyoenea pwani yetu, baba amepewa mamlaka ya kumwozesha binti yake bikira kwa masharti maalumu. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu hayo wamesema ni sunna kumtaka idhini aliyebaleghe. Wanazuoni wa Hanafi wao wameifanya ridhaa yake kuwa ni lazima. Naye Khansa binti Khidham (r.a.), aliyekwisha kuolewa kabla, alipoozwa na baba yake bila ya kupenda, alishitaki kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ile ikavunjwa.

Basi, ewe mzazi, muulize binti yako kabla hujampa mposaji neno. Mtume mama yake au shangazi yake azungumze naye faraghani. Mpe muda, na umhakikishie kwamba akikataa hatatengwa. Akinyamaza baada ya hayo, kimya chake ni idhini. Akilia kwa uchungu, basi amekwisha kusema.

Allah atuwafikishe. Amin.