Likizo Ndefu na Watoto Wadogo Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Bustani ya burudani, yaani eneo kubwa lililozungushiwa ua ambamo mitambo ya michezo, maonyesho, mikahawa na malazi vimepangwa na mwenyeji mmoja kwa kufuata wazo moja, imekuwa kipimo cha likizo ya familia katika nchi nyingi tangu Walt Disney alipofungua Disneyland katika jimbo la California tarehe 17 Julai 1955, na picha zake zimefika hata mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kupitia simu za ndugu waliohamia Marekani, Kanada na Ulaya. Uvira haina bustani ya namna hiyo, na ile ya michezo ya maji iliyoko Kunduchi, jijini Dar es Salaam, iko mbali kiasi kwamba msafiri aliyekwisha kufika Kigoma huwa bado amebakiza zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Kwa hiyo familia ya Uvira inayotaka kusafiri kwa majuma mawili au matatu pamoja na watoto wa chini ya miaka saba huelekea Bujumbura, Rumonge na Kigoma kwa upande wa mashariki wa ziwa, au Baraka na Kalemie kwa upande wa Kongo, na mpango wa safari hiyo unahitaji kufikiriwa kwa namna yake.

Tofauti kubwa iko katika kazi ambayo mgeni wa bustani haioni. Katika Walt Disney World ya Florida, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na ambayo ardhi yake inazidi kilomita za mraba 100, mtoto hupimwa kimo kabla ya kupanda mtambo, maji ya kunywa yamekwisha kusafishwa, vyoo viko karibu, waokoaji wamekaa kando ya mabwawa, na mtoto aliyepotea ana mahali anapopelekwa. Mzazi, ambaye amelipia huduma hizo zote ndani ya bei ya tiketi, hubakiwa na hesabu ya fedha na ya muda wa foleni. Ufukweni mwa Tanganyika kazi hiyo yote humwangukia mzazi. Yeye ndiye mpimaji, mwokoaji, mwenye maji na mwenye dawa, na ndiyo maana mpango mzuri wa safari ya ziwani huanza kwa kugawa majukumu hayo kati ya watu wazima wanaosafiri, kila mmoja ajue lake, kabla ya kujadili ni wapi patatembelewa. Familia yenye watoto watatu wadogo na watu wazima wawili ina upungufu wa mtu mmoja, na shangazi au dada mkubwa anayeongezwa kwenye msafara ana thamani kuliko hoteli ya bei ya juu.

Wakati wa kusafiri huamuliwa na shule. Likizo kubwa ya shule za Kongo huangukia miezi ya Julai na Agosti, katikati ya kiangazi, na jambo hilo lina faida ambayo wakazi wa Uvira hawahitaji kuelezwa, kwa kuwa mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyoua watu na kubomoa nyumba nyingi, yalionyesha jinsi maji yanavyoweza kushuka kutoka milima ya Mitumba masika yanapopamba moto. Katika kiangazi barabara hukauka na mito hupungua. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo miezi ya upepo wa kusini-mashariki, ambao huvuma tangu Mei hadi Septemba na kusukuma maji kwenye ziwa lenye urefu wa takriban kilomita 670, hivyo mawimbi yanayofika ncha ya kaskazini huwa yamekwisha kupata nguvu njiani. Boti ya mbao iliyojaa magunia na watu si chombo cha kumpandisha mtoto wa miaka mitatu katika msimu huo, hata nauli yake ikiwa nafuu. Palipo na barabara, familia na ipite barabarani, na safari ya majini ibaki kuwa ya mwendo mfupi, mchana, karibu na ukingo, katika chombo chenye jaketi okozi, yaani vazi linalomfanya mtu aelee asizame, kwa kila abiria.

Suala la amani hutangulia mengine yote. Mwezi Februari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Bukavu, maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, na mwezi Desemba mwaka huohuo vita viliufikia mji wa Uvira wenyewe na mpaka ukafungwa. Familia inayopanga mapumziko katika eneo hili haina budi kupata habari za mpaka wa Kavimvira na Gatumba kutoka kwa watu wanaoupita kila siku, kama wafanyabiashara na madereva, kisha kuuliza tena asubuhi ya safari, na kutolipa kabla malazi ambayo fedha yake hairudishwi. Mahali pa kulala pakiwa ng'ambo ya mpaka, kiasi fulani cha fedha kiwekwe kando kwa ajili ya siku za ziada, kwa sababu mpaka unaofungwa humkuta msafiri popote alipo.

Hati zinazohitajika zinatofautiana kulingana na nchi. Kongo, Burundi na Rwanda ziliunda mwaka 1976 Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa kifupi cha Kifaransa CEPGL, na hati yake ya kusafiria imewasaidia wakazi wa mipakani kwa miaka mingi; Tanzania si mwanachama wake, kwa hiyo familia inayokusudia kufika Kigoma ijiandae kwa pasipoti. Mtoto anapaswa kuwa na hati yake ya kuzaliwa, na iwapo anasafiri na mzazi mmoja tu, au na bibi au mjomba, kibali cha maandishi cha mzazi aliyebaki huondoa mashaka mbele ya maofisa wa uhamiaji, ambao wana wajibu wa kuwazuia wale wanaosafirisha watoto kwa hila. Kadi ya manjano, ambayo ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, huanza kuwa na nguvu siku 10 baada ya sindano, nayo hudumu maisha yote kwa mujibu wa kanuni ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza Julai 2016. Chanjo hiyo hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 9.

Kosa linaloharibu safari nyingi za familia ni wingi wa maeneo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukiwemo ule wa mchana, na wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13, na mtoto aliyenyimwa usingizi huo siku mbili mfululizo hulia mbele ya kiboko kama ambavyo angelia mbele ya mtambo wowote wa Florida. Hesabu inayofaa ni jambo moja la asubuhi kila siku, kisha chakula, kivuli na usingizi, na jioni mchezo usiohitaji gari. Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni karibu kilomita 30, na kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kama kilomita 75, umbali mdogo kwenye ramani, lakini ukaguzi wa mpakani, vizuizi vya njiani na uhaba wa mafuta ambao Burundi imekuwa nao kwa miaka kadhaa vinaweza kuufanya uchukue nusu siku. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari, na dawa ya kwanza ni kuwaketisha mahali wanapoona barabara iliyo mbele, wakiwa wamekula kidogo tu, pasipo simu mkononi.

Bujumbura ina mambo ya kutosha kwa juma zima. Jumba la makumbusho linaloitwa Musée Vivant, lililoanzishwa mwaka 1977, linaonyesha mamba, nyoka na wanyama wengine katika eneo dogo ambalo mguu wa mtoto unalimudu, na Hifadhi ya Taifa ya Rusizi, kwenye delta ya mto Ruzizi, ina viboko wanaotazamwa pamoja na mwongozaji. Kusini kidogo mwa jiji, huko Mugere, liko jiwe lililochongwa majina ya wasafiri Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871, ambalo baadhi ya watu hudhani ndipo wawili hao walipokutana kwa mara ya kwanza, ingawa walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, karibu na Kigoma, na walifika kaskazini wakitafuta kujua kama Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Walikuta kwamba huingia. Mtoto wa miaka sita aliyezaliwa Uvira anaweza kuelewa swali hilo na kulijibu kwa macho yake mwenyewe, na somo kama hilo haliuzwi katika bustani yoyote.

Kigoma inahitaji tahadhari zaidi. Hifadhi ya Gombe, iliyofanywa kuwa ya taifa mwaka 1968, miaka minane baada ya mtafiti Jane Goodall kuanza kuwachunguza sokwe mtu hapo, hufikiwa kwa boti tu kutoka Kigoma, na watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, kwa kuwa mafua na kikohozi cha binadamu vinaweza kuwaua wanyama hao walio karibu nasi kwa damu. Makumbusho ya Ujiji, kwa upande mwingine, hufikiwa kwa gari kutoka Kigoma mjini na yanamfaa mtoto wa umri wowote. Wazazi wakumbuke pia kwamba saa ya Tanzania imetangulia ile ya Uvira na Bujumbura kwa saa moja, na kwamba magari ya huko hupita kushoto, hivyo mtoto aliyefundishwa kuangalia upande mmoja kwanza kabla ya kuvuka barabara lazima ashikwe mkono tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Hatari kuu ya safari hii ni maji yenyewe. Duniani kote watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio wanaokufa maji kwa kiwango cha juu zaidi, wakifuatwa na wale wa miaka mitano hadi tisa, na mtoto anayezama aghalabu hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake uko chini ya maji anapohitaji pumzi. Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470, limelala katika bonde la ufa, na sehemu nyingi za ukingo wake hushuka ghafla hatua chache tu kutoka nchi kavu. Kuongezeka kwa maji katika miaka ya karibuni, kulikoizamisha Gatumba mara kwa mara, kumefunika pia fukwe zilizojulikana, hata mahali palipokuwa salama miaka mitano iliyopita huenda leo pana misingi ya nyumba na misumari chini ya maji. Kanuni inayolinda ni ya mkono: mtu mzima mmoja, asiye na simu, akae mahali anapoweza kumgusa mtoto bila kupiga hatua, naye apokezwe na mwingine kila baada ya nusu saa. Midomo ya mito na matete iepukwe kabisa kwa sababu ya mamba na viboko, na maji yaliyotulia yenye majani yaepukwe kwa sababu ya kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotoka katika konokono na kupenya ngozi.

Uvira inakijua kipindupindu kuliko miji mingi, na wazazi wake hawahitaji kufundishwa kuchemsha maji. Kinachosahaulika safarini ni kuyabeba ya kutosha hadi kituo kinachofuata, pamoja na sabuni, chandarua cha kila kitanda, pakiti za ORS, yaani chumvi za kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, na mtoto anyweshwe kidogokidogo wakati anapelekwa kwenye kituo cha afya. Homa yoyote, safarini au katika majuma yanayofuata, ipimwe malaria siku hiyohiyo.

Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, Bujumbura peke yake inatosha kwa likizo nzima, Gombe na isubiri, na fedha ambazo zingelipia boti na vibali vya hifadhi zitumike kwanza kununua jaketi okozi linalolingana na uzito wa mtoto huyo.