Biskuti za wanyama bila yai bichi

Sherehe ya kuzaliwa ikipewa mada ya wanyama wa mbugani, biskuti zilizokatwa umbo la twiga, pundamilia na simba ndizo watoto hukimbilia kwanza. Kuzipamba hakuhitaji fundi wa keki. Jambo la kuangalia ni bakuli la aisingi: ile inayokauka ngumu mara nyingi hutengenezwa kwa ute wa yai bichi, ambao unaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na wanaoramba mwiko ni haohao watoto.

Yai si lazima. Kikombe 1 cha sukari ya aisingi huchanganywa na vijiko 4 vya chai vya maji yenye ndimu. Ikiwa nzito mno, huongezwa matone tu. Kijiko kizima kitaifanya iwe maji.

Biskuti zipoe kabisa kwanza, la sivyo pambo litayeyuka na kutiririka. Pundamilia hupakwa aisingi nyeupe, kisha mistari ya aisingi yenye kakao huchorwa kwa mfuko safi wa plastiki uliokatwa pembe kidogo. Twiga anataka binzari ya manjano, lakini chembe tu, maana ikizidi biskuti itanukia mchuzi. Madoa yake ni kakao ileile.

Manyoya ya simba ni nazi kavu iliyokunwa. Macho yawe matone ya kakao, si karanga nzima, ambazo zinaweza kuwakaba watoto wa chini ya miaka 5. Vumbi la kumetameta la kazi za mikono, hata likiandikwa halina sumu, si chakula. Libaki kwenye kadi za mwaliko.