Fahamu: Eklojaiti, mwamba wa bahari uliogeuzwa kilindini mwa dunia

Ni nini?
Eklojaiti ni mwamba geu mzito, wenye punje nyekundu za ganeti ndani ya madini ya kijani. Asili yake ni basalti, mathalani lava iliyoganda kwenye sakafu ya bahari. Bamba la bahari linapozama chini ya bara, basalti hukandamizwa na kupata joto bila kuyeyuka, na madini yake hugeuka.

Iko wapi Afrika Mashariki?
Katika kilima cha Yalumba, ukanda wa Usagara, Tanzania. Mwaka 1995 wanajiolojia walionyesha kuwa eklojaiti ya huko ina kemia ya basalti ya baharini, na iligeuka takriban miaka bilioni 2 iliyopita, kwenye kina cha kilomita 60 hivi na nyuzijoto kama 750. Huo ni miongoni mwa ushahidi mkongwe zaidi duniani wa bamba kuzama. 

Munje, pwani ya Kenya, inahusikaje?
Ufuo wa Munje ni wa matumbawe, si miamba geu. Lakini upande wa bara, Maumba na Nguluku, mchanga mwekundu ulichimbwa kuanzia 2013 hadi Desemba 2024. Ukiuosha kiganjani, hubaki punje nyeusi nzito: ilmenaiti, pamoja na rutaili na zirkoni. Zilimomonyoka kutoka miamba geu ya Ukanda wa Msumbiji, zikapitia mawe ya mchanga ya Duruma.

Je, punje hizo zilitoka Yalumba?
Kuwepo kwa rutaili hakuthibitishi hilo. Rutaili hupatikana ndani ya eklojaiti, lakini pia katika miamba geu mingine mingi.