Arobaini Ikipita, Bima ya Mzazi Bado Ipo

Katika familia zetu za Louisville na Lexington, mwanamke akijifungua hakosi wa kumpikia uji na kumpokea mtoto. Arobaini ikipita, kila mtu hurudi kazini. Mpaka 2022 sheria ya jimbo letu la Kentucky nayo ilimwacha mzazi mapema: Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ilikatika siku 60 baada ya kujifungua.

Lakini hatari haifuati kalenda hiyo. Takwimu za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, za 2017 hadi 2019 zinaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya vifo vitokanavyo na uzazi vilitokea kati ya wiki ya kwanza na mwaka mmoja baada ya kujifungua. Zaidi ya vifo 80 katika kila 100 vingeweza kuzuilika.

Mwaka 2021 serikali kuu iliyaruhusu majimbo kurefusha bima hiyo hadi miezi 12. Mwaka uliofuata, bunge la Kentucky likapitisha muswada SB 178. Sasa mzazi aliyekuwa na Medicaid wakati wa ujauzito hubaki nayo mwaka mzima, hata kipato chake kikipanda. Mwaka 2024 ikaja SB 74, iliyoufanya ujauzito kuwa sababu ya kujiunga na bima binafsi hata nje ya msimu wa kujiandikisha.

Basi tuitumie haki hii. Mzazi akiumwa kichwa kisichotulia, akiona maruweruwe, akibanwa kifua, akipata homa, au akilowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, asiambiwe ni uchovu wa uzazi. Apelekwe hospitali, naye aseme mlangoni: “Nimejifungua karibuni.” Daktari asiyejua hilo anaweza kutafuta ugonjwa mwingine kabisa. Na anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, anahitaji tiba, si lawama.

Omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea Medicaid inapaswa kukupatia mmoja bila malipo. Usimtume mtoto wako wa shule kutafsiri habari za damu na kizazi. Ukihama, badilisha anwani yako kwenye kynect, tovuti ya Kentucky ya kujiandikisha bima, maana barua ya bima ikipotea, haki yaweza kupotea nayo.

Nasi ndugu na majirani, tuendelee kubisha hodi baada ya arobaini. Tumuulize mama hali yake kabla ya kumbeba mtoto.