Maumivu yasiyoisha na imani: jinsi ya kuendelea kusali mwili unapouma

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya za wakulima. Mgongo unainama karibu mwaka mzima: kupalilia ufuta na mbaazi, kuokota korosho, kubeba maji na kuni. Ndiyo maana watu wengi wanaofika zahanati hulalamikia kiuno, magoti na mabega. Wengi wao pia ni waumini, na mara nyingi baada ya kupimwa hubaki na swali moja: “Mwanangu, nimeombewa mara nyingi, mbona bado naumwa?”

Makala hii ni kwa Mkristo anayeishi na maumivu ya muda mrefu, na kwa wale wanaomhudumia.

Maumivu sugu ni nini?

Ni maumivu yanayodumu, au yanayokwenda na kurudi, kwa zaidi ya miezi 3. Chanzo chake chaweza kuwa kusagika kwa viungo, matatizo ya mgongo, ugonjwa wa selimundu (sikoseli), saratani, au mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na kisukari, mkanda wa jeshi au VVU.

Maumivu ya kawaida ni kama mbwa wa mlinzi: hubweka mwizi akija, kisha hunyamaza. Katika maumivu sugu, mbwa huendelea kubweka hata mwizi akishaondoka, kwa sababu mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kutoa taarifa ya hatari. Kwa hiyo mtu anaweza kuumwa kweli ingawa picha ya eksirei haionyeshi tatizo kubwa. Hajifanyi, wala si mvivu.

Je, ni dalili ya imani ndogo?

Hapana. Katika Biblia, Mtume Paulo alimwomba Bwana mara 3 amwondolee mwiba uliokuwa mwilini mwake, na haukuondolewa (2 Wakorintho 12). Hakuna anayesema Paulo alikosa imani. Ayubu aliteseka na marafiki zake wakamlaumu, lakini mwishoni ni marafiki waliokemewa. Zaburi ya 88 ni malalamiko kutoka mwanzo hadi mwisho, na bado ni sala. Kumwambia Mungu kwamba umechoka ni sehemu ya kusali.

Hatia ina madhara kiafya pia. Mtu anayeamini kwamba anaadhibiwa hujitenga, hukosa usingizi na huacha kutembea. Mambo hayo matatu huongeza maumivu.

Sala na dawa viende pamoja

Hatari kubwa zaidi ni mtu kuacha dawa baada ya kuombewa. Mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au VVU anaweza kujisikia vizuri kwa wiki kadhaa, huku ugonjwa ukiendelea ndani kimya kimya.

Isaya 38 inasimulia kwamba Mfalme Hezekia aliomba akasikilizwa, na bado Isaya aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake. Wakoma 10 waliomlilia Yesu waliambiwa waende kujionyesha kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuthibitisha nani amepona (Luka 17). Fanya vivyo hivyo: ukiamini umepona, mshukuru Mungu, kisha njoo upimwe ukiwa bado unatumia dawa. Uamuzi wa kupunguza au kuacha dawa ufanywe na wewe pamoja na mtaalamu.

Mambo ya kuzingatia kuhusu dawa:

- Parasetamoli: kwa mtu mzima, usizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, anayekunywa pombe sana au aliyekonda sana anahitaji kipimo kidogo zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo usizichanganye.
- Diklofenaki na ibuprofeni: zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Usizinunue duka la dawa mwezi baada ya mwezi bila kupimwa.
- Maumivu ya kuwaka moto, ganzi au kama kuchomwa sindano: mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu na yana dawa zake tofauti. Mweleze mtoa huduma hivyo hivyo unavyohisi.
- Maumivu ya saratani: mofini ikitolewa kwa usimamizi wa kitaalamu ni tiba halali. Kuikubali si dhambi wala si kukata tamaa.

Ibada inayofuata hali ya mwili

Wengi huacha ibada kwa sababu hawawezi tena kuifanya kama zamani. Badilisha namna ya kuifanya, usiiache.

Kupiga magoti: goti lililosagika halilazimiki. Sali ukiwa umekaa kwenye kiti au umelala. Majirani zetu Waislamu nao wana ruhusa hiyo: asiyeweza kusimama husali akiwa amekaa.

Muda: sala fupi mara 4 kwa siku ni rahisi kuliko saa nzima kwa mkupuo mmoja. Chagua saa ambazo mwili umelegea, kwa mfano baada ya kuamka na kujinyoosha, au dawa inapokuwa imeanza kufanya kazi.

Kanisani: kaa karibu na mlango au mwisho wa benchi, ili uweze kusimama na kutembea kidogo bila aibu. Kukaa bila kujigeuza kwa saa 2 hukaza mgongo. Kama kigango kiko mbali, gawa safari na upumzike njiani. Mwendo mdogo wa kila siku ni sehemu ya tiba.

Kufunga: baadhi ya dawa huumiza tumbo tupu, na mwenye kisukari anaweza kuishiwa sukari. Mwenye selimundu anahitaji maji mengi. Kanisa Katoliki halimlazimishi mgonjwa kufunga. Zungumza na padri, mchungaji au katekista kuhusu njia nyingine ya kujinyima.

Mkesha: kukosa usingizi huongeza maumivu ya siku inayofuata. Shiriki mwanzo wa mkesha, kisha ukalale.

Ukishindwa kutoka: omba jumuiya ndogo ndogo ikutane kwako, au uletewe Komunyo nyumbani. Kwa Wakatoliki, Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho peke yao. Mgonjwa mahututi anaweza kuupokea akiwa bado na fahamu na matumaini.

Kwa familia, viongozi na wanajumuiya

Cicely Saunders, Mkristo aliyekuwa muuguzi na baadaye daktari, alianzisha Hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande 4: mwili, hisia, mahusiano na roho. Kidonge hugusa upande mmoja tu. Ninyi mnaweza kugusa zile nyingine.

Msimuulize mgonjwa ametenda dhambi gani. Muulizeni: “Leo unaumwa wapi, na tukusaidie nini?” Kumchotea ndoo ya maji au kumpalilia robo eka ni huduma kamili. Mkimwombea, mkumbusheni pia tarehe ya kliniki.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona

- Miguu inalegea au ganzi sehemu za siri.
- Umeshindwa kukojoa, au haja inatoka bila kujua.
- Homa, kukonda bila sababu, au maumivu makali yanayokuamsha usiku.
- Kinyesi cheusi kama lami au kutapika damu, hasa ukitumia diklofenaki au ibuprofeni.
- Maumivu ya kifua au kushindwa kupumua vizuri.
- Mawazo ya kujiua. Mwambie mtu leo hii, na usibaki peke yako.

Kabla ya kuja, andika mambo matatu: maumivu yalianza lini, yanazidi wakati gani, na dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji. Ongeza na la nne: ni ibada gani umeshindwa kuifanya kwa sababu ya maumivu. Jibu hilo hutusaidia kupanga matibabu yatakayokurudisha kwenye maisha yako.