Marekani: Kwenye malisho, vita na sisimizi wa moto huanzia kwa malkia

Ndama akizaliwa usiku kwenye malisho ya Texas au Alabama, kusini mwa Marekani, anaweza kukutwa asubuhi macho yamevimba na ngozi imejaa malengelenge. Anayemshambulia ni sisimizi mwekundu wa milimita chache tu, anayeitwa huko sisimizi wa moto kwa sababu ya ukali wa mwiba wake. Wafugaji wamepambana naye kwa zaidi ya miaka 80, na wamejifunza jambo moja kwa gharama kubwa: kuua sisimizi wengi si kuua kundi.

Mdudu huyu, ambaye wataalamu wanamwita Solenopsis invicta, alitoka Amerika Kusini na kuingia kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930. Kutoka hapo alisambaa ndani ya udongo, miche na nyasi kavu zilizosafirishwa kwa malori.

Kwa wanaojua siafu wa Masisi au Ituri, tofauti ni hii: siafu hupita kwa msafara, hula, kisha huhama. Sisimizi wa moto hukaa. Hujenga vichuguu vinavyoweza kufika sentimita 40, ambavyo huharibu visu vya mashine za kukata nyasi. Kundi lililokomaa linaweza kuwa na sisimizi 200,000 au zaidi, na malkia mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Makundi mengine yana malkia wengi.

Sumu kutoka angani

Mwaka 1957, serikali ya Marekani ilianzisha kampeni ya kuwamaliza. Ndege zilimwaga sumu za dieldrin na heptachlor juu ya mashamba na malisho. Ndege wa porini, samaki na hata mifugo walikufa. Mwandishi Rachel Carson alieleza hasara hiyo katika kitabu chake Silent Spring, mwaka 1962. Ikafuata sumu nyingine, mirex, ambayo nayo ilipigwa marufuku mwaka 1978.

Sisimizi wa moto walibaki. Sumu hizo ziliua pia sisimizi wa asili, ambao hula malkia wachanga wa mgeni huyo. Ardhi ikabaki tupu, na mgeni ndiye aliyewahi kuirudia.

Chambo badala ya kumwagia

Leo washauri wa kilimo wanapendekeza chambo: chenga za mahindi zilizolowekwa mafuta ya soya yenye dawa kidogo, inayofanya kazi polepole. Sisimizi wafanyakazi hubeba chenga hizo hadi ndani na kulisha watoto na malkia. Dawa ikiwa kali mno, mbebaji hufia njiani na malkia hapati kitu. Dawa nyingine hazimuui malkia, bali humzuia kuzaa, na kundi huisha baada ya miezi.

Kwanza mfugaji huweka kipande cha soseji karibu na kichuguu. Sisimizi wakikijia ndani ya dakika 30, wanatafuta chakula, na wakati umefika. Chambo hutawanywa nyasi zikiwa kavu na mvua haikaribii. Kichuguu hakichokolewi, kwani kundi likishtuka huhama na malkia wake. Ni lazima pia kusoma maandishi ya pakiti, maana si kila dawa inaruhusiwa mahali ng'ombe wanapokula.

Kwa vichuguu vichache, maji yanayochemka husaidia, ingawa si kila mara. Kumwaga petroli ni hatari: huunguza nyasi na kuchafua udongo na maji.

Wafugaji wengi hawatarajii tena kuwamaliza kabisa. Sisimizi hao hula pia kupe, hivyo vikiwa vichache, mara nyingi vichuguu hutibiwa kimoja kimoja.

Mwaka 2023 ilithibitishwa kwamba wamefika Sisilia, nchini Italia. Kwa nchi ambazo bado hazijavamiwa, kukagua udongo na miche bandarini na mipakani ni rahisi kuliko vita ya miaka 80.